Sikio la Kulia la Mke Wangu

Kwenye maduka ya simu pale Chake Chake, chini ya kioo kilekile kinachowekwa chaja na hedifoni, siku hizi vinauzwa vijiti vyembamba vyenye kamera na taa nchani. Unakitia sikioni, unaona ndani yake kwenye simu. Muuzaji aliniambia havikai. Akileta leo, kesho vimekwisha. Hospitalini nako ni hivyo hivyo. Kila kituo cha afya cha shamba kinaomba kifaa cha kuchunguzia masikio, na vilivyopo vinapokezanwa chumba kwa chumba. Nayajua haya kwa sababu ya mke wangu. Laiti ningeyajua mapema.

Katika ujana wetu sikuwa nikimwita mke wangu kwa jina. Wanaume wa rika langu hatukufanya hivyo mbele za watu, na hata tulipokuwa peke yetu ulimi ulikuwa mzito. Nilikuwa nikikohoa. Nikirudi shamba, nikifika mlangoni, nakohoa, naye anajua. Kikohozi kimoja kilimwambia nimechoka, kingine kwamba nimekuja na mgeni, ajitande. Kabla sijavua viatu nasikia birika ya kahawa inatiwa mekoni. Msimu wa karafuu tulikaa ukumbini jioni tukitenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, mikono inanukia, naye ananisimulia ya mchana kutwa: nani kaposwa, mbuzi wa nani kala muhogo wa nani. Alikuwa na mzaha. "Wewe," aliwahi kuniambia, "unakohoa kama baiskeli ya babaako."

Kisha akaacha kuitika. Nakohoa, kimya. Siku zile nilikuwa nimemkatalia kwenda Wete kwenye harusi ya mdogo wake, eti karafuu zimeanikwa na hapana wa kuziangalia. Nikaona basi, ananisusa. Na mimi nina kiburi. Nikaacha kukohoa, nikawa naingia nyumbani kwangu kama mpangaji. Kahawa nikanywa barazani na wenzangu. Baina yetu tukabakiwa na maneno ya lazima tu, na kwa kuwa hayo tuliyasema uso kwa uso tena kwa sauti, aliyasikia. Hilo ndilo lililonidanganya miaka yote. Nikimwona anajibu la chumvi na halijibu la mapenzi, likinitoka mara mojamoja kwa sauti ya chini, nilisema moyoni: anachagua.

Aliyegundua ni binti yetu anayekaa Tibirinzi. Alikuja kututazama, akaona simu inalia kando ya mamaake na mamaake hageuki. Akatupeleka hospitali.

Benchi lilijaa. Daktari, kijana mdogo, akatoka kutuambia tusubiri kidogo, kifaa kimekwenda chumba cha watoto.

"Yakhe," akasema mzee aliyekaa karibu yangu, "Pemba nzima tunagombania tochi moja?"

"Tumeagiza vingine, mzee wangu. Zamani watu walikuwa hawaji. Sasa wanakuja kila siku."

"Walikuwa hawaji kwa sababu walikuwa hawasikii mkiwaita."

Benchi zima likacheka. Mke wangu akatazama nyuso zetu, naye akatabasamu, na mimi nikatambua kwamba hakujua tunachekea nini. Sijui tabasamu kama lile nililiona mara ngapi nikaliita dharau.

Tulipoingia, daktari aliniuliza, "Hasikii tangu lini?"

Ubishi wangu ulikuwa bado haujaisha. "Mke wangu si kiziwi," nikasema. "Kanuna."

"Kanuna tangu lini?"

Nikamtajia harusi ya Wete. Binti yetu akaniangalia. "Baba, yule bi harusi sasa ana wajukuu."

Daktari akakiwasha kifaa, akachungulia kushoto kwa muda mrefu. Akasema ngoma ya sikio imetoboka zamani, na upande huo asitegemee sana. Akahamia kulia, kisha akaniita nami nichungulie. Mwanga ulikwenda ndani kidogo tu ukagota kwenye donge jeusi la taka. Nyuma ya donge lile hakuna aliyejua kuna nini. Akatia dawa ya kulainisha, tukangoja, akachukua bomba na maji ya uvuguvugu. Nilisimama ukutani nikiomba dua. Likishindikana na sikio hili, basi sitaongea naye tena kama tulivyokuwa tukiongea, na nafasi niliichezea mwenyewe.

Donge likatoka. Mke wangu akainua uso kutazama dari. "Feni hii ina kelele," akasema.

"Unanisikia?" nikamwuliza polepole, nikiwa mbali.

"Nakusikia. Mbona sauti yako imezeeka?"

Binti yetu alipokwenda kuchukua dawa, tulikaa nje kwenye kibaraza. Nilimweleza yote niliyokuwa nikiyadhani, bila ya kujipunguzia. Akawa anakunja na kukunjua pembe ya kanga yake.

"Kwa harusi?" akasema hatimaye. "Harusi nilikusamehe kabla karafuu hazijakauka. Mie nilidhani umenichoka. Unaingia kimya, unatoka kimya. Nikasema, ndiyo uzee wenyewe."

Akaanza kunisimulia kisa cha jirani yetu mmoja na shemeji yake, wote wawili wameshafariki, kisa alichokuwa nacho tangu wakati ule asipate wa kumpa. Nikauliza swali katikati, hakulisikia. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake. Nikanyanyuka, nikahamia upande wa pili, nikamwomba aanze upya.