Madigadi ya Simba wa Maringo

Nakumbuka Jumapili moja ya masika, mwanangu, nilipokwenda kushindana kwa baiskeli kwenye tope nikiwa nimevaa shati jeupe. Wewe cheka tu. Siku hizi hata mimi hucheka.

Tulikuwa tukiishi mtaa wa Maringo, Nairobi, na miaka ya sabini ilikuwa inaishia. Baba, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Pasipokuwa na mshahara mwingine pale nyumbani, tungefunga virago turudi Machakos. Baba mwenyewe hakuona tabu, lakini mama hakutaka hata kusikia. Alikuwa amekaa Maringo miaka kumi na sita, ana kwaya yake, ana majirani zake, ana kijishamba cha sukuma wiki ubavuni mwa nyumba. Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba, miaka ishirini, na kazi yangu wakati huo ilikuwa kutafuta kazi.

Basi kiwanda kimoja cha mikate kikataka vijana wa kusambaza mikate madukani kwa baiskeli, mvua inyeshe isinyeshe. Msimamizi wao hakutaka kuona barua wala vyeti. Akaitisha mashindano: mzunguke mtaani, mteremke bondeni, mvuke mto, mpande ng'ambo, mrudi tena uwanjani. Mizunguko mitatu. Mahali pasipoendesheka, unashuka na kubeba baiskeli begani. Watatu wa kwanza wangeanza kazi kesho yake. Mama alipopata habari hizo alinikaangia mayai mawili kila asubuhi wiki nzima, na mayai pale kwetu yalikuwa ya Krismasi.

Sasa nikwambie kuhusu baiskeli yangu. Ilikuwa zile nyeusi nzito, tulizoziita blekimamba, baba aliniachia alipochoka nayo. Nami niliipamba, nisikufiche. Niliifungia taa za kumetameta, maua ya plastiki kwenye usukani, na yale madigadi, vile vibati vya kuzuia tope lisikurukie, nilimpa mchoraji wa mabango ayapake rangi nyekundu. La nyuma akaliandika kwa maandishi ya manjano: Simba wa Maringo. Nikipita, watoto wanalisoma kwa sauti. Nilikuwa najisikia, wacha tu.

Jumamosi mchana nikaipeleka kwa Mzee Omari aitazame breki. Alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa Pwani aliyekuja Nairobi kitambo, mpole, na maneno yake hayakuwa mengi. Akaizunguka baiskeli mara moja, akatikisa kichwa.

"Yatoe hayo madigadi," akasema. "Tope la bondeni linanata. Likijaa humo ndani, gurudumu halizunguki. Bolti nne tu, na spana hii hapa."

"Mzee, nikiyatoa watu watanijuaje?"

Akanitazama kidogo, kisha akaiweka spana chini. "Haya baba. Baiskeli ni yako."

Niliondoka pale nikimsikitikia. Nilidhani uzee umempunguzia akili ya mashindano.

Mzunguko wa kwanza niliongoza, mwanangu, na sisemi uongo. Udongo ule mweusi ulikuwa bado haujakorogwa. Mama alikuwa amesimama pembeni na wenzake wa kwaya, leso mkononi, na nilipompita nilimsikia akiwaambia, "Ni wetu huyo." Lakini mzunguko wa pili tulikuta bonde limeshakanyagwa na watu thelathini. Tope likaingia ndani ya madigadi, likashindiliwa, na baiskeli ikakwama tuli katikati ya mteremko. Nikalichokoa kwa kijiti, nikaenda hatua kumi, ikakwama tena. Nikaibeba begani, na kwa tope lile ilikuwa nzito ajabu, ikaniangusha chini na shati langu. Watu wa bondeni walikuwa wamejipanga kama wako sinema. "Simba, nguruma basi," mmoja akasema, na wote wakavunjika mbavu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Mzee Omari alikuwa amewekwa pale mtoni aangalie asije mtu akavuka kwa njia ya mkato. Alinitazama nikihangaika, akaona wenzangu wanane wakinipita. Hakunicheka hata kidogo.

"Kijana," akasema, "ukitaka spana, ninayo. Ukitaka kusifiwa, sina."

Nikaichukua. Nati zimeganda kwa tope, nikafungua moja, mbili, tatu, ya nne ikagoma mpaka kidole kikachubuka. Nikayaachia madigadi yangu pale ukingoni na sikugeuka kuyatazama. Baada ya hapo baiskeli ilikwenda, we! Nilikanyaga, nikashuka, nikabeba, nikapanda, nikawafukuza mmoja baada ya mwingine. Kwenye uwanja wa kumalizia nilikuwa karibu kumgusa mgongoni yule aliyekuwa mbele yangu.

Nilikuwa wa nne.

Msimamizi aliandika majina matatu, akanipa mkono na kunisifu kwamba nina mapafu mazuri. Baada ya miezi miwili wazazi wangu wakafunga mizigo. Mama hakunikaripia hata siku moja. Siku ile ya kufunga mizigo tu, huku anakunja mashuka, aliniuliza, "Hizo bolti zilikuwa ngapi vile?" Nikamwambia nne. Akaitikia "Mm," akaendelea kukunja. Swali hilo liliniuma kuliko kelele za watu wote wa bondeni.

Mimi nilibaki Nairobi. Mzee Omari alinichukua nijifunze kwake, mwanzoni bila mshahara, na ufundi huohuo ndio ulionilea, nikaoa, nikasomesha watoto. Sina manung'uniko na maisha yangu. Mama alizoea Machakos, akapata kwaya nyingine, ingawa kila nilipokwenda kumwona aliniuliza nani analima ile sukuma wiki.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu nimekuona ukiambiwa jambo na mtu anayelijua, nawe unatabasamu huku umeshaamua kutomsikiliza. Nalijua tabasamu hilo, nililivaa mimi kabla hujazaliwa. Anayekwambia utoe kitu unachokipenda si lazima awe anakuonea wivu. Msikilize ukiwa bado mahali pakavu. Shauri la Mzee Omari nililifuata, usidhani sikulifuata. Bolti zilezile, spana ileile. Jumamosi zingenigharimu muda wa kunywa kikombe cha chai. Jumapili zilimgharimu mama nyumba yake.

Mungu akupe watu wa kukuambia ukweli, akupe na masikio ya kuusikia mapema. Nenda salama, urudi salama, na wanaokungoja nyumbani wasikungoje bure. Amina.