Mwewe wa Pili

Katikati ya miaka ya themanini, nilipomaliza chuo na kazi isionekane, shangazi yangu alinipokea kwake Kisumu Ndogo, mjini Malindi. Sharti lake lilikuwa moja: nisiwe mzigo. Nililichambua sharti hilo kila siku. Nikila chapati ya pili, je, huo si mzigo? Nikiikataa, je, si kiburi?

Kisha binti yake akajifungua huko Mariakani, na shangazi akafunga safari kwenda kumsaidia. Aliniachia kuku mmoja na vifaranga wanane.

"Nikirudi niwakute wote," alisema, mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango. "Kama hata kuku wanakushinda, utarudi bara ukamsikilize baba yako."

Baba yangu alikuwa na swali moja tu, kuhusu kazi, na aliliuliza asubuhi kabla ya chai. Basi nikakaa uani na vifaranga.

Mwewe alikuja siku iyo hiyo. Aliizunguka nyumba polepole, bila hata kupiga bawa, kama mtu aliyepita dukani kuangalia tu. Kuku alitoa sauti ya chini, ya kukwaruza, na vifaranga wote wakatoweka chini ya mbawa zake. Mwewe akaenda zake. Mimi nilibaki nimejibana ukutani, mikono kichwani.

Jirani yetu, mama wa Kigiriama aliyesuka mikeka barazani kwake, alikuwa ananitazama.

"Na wewe ulikuwa unamkimbia?"

"Shikamoo, mama. Nilikuwa nachunguza."

"Marahaba. Chunguza, lakini wapake rangi. Yule anatafuta kifaranga. Akiona kidude cha zambarau hatajua ni nini."

Alinipa masalio ya rangi aliyochemshia ukili wake wa kusukia mikeka. Nikawapaka mmoja mmoja kwa kitambaa, mpaka ua ukajaa maua yanayokimbia. Mwewe alirudi, akazunguka, akasita, akaondoka.

Mtu mwingine angetosheka. Mimi nikaanza kufikiri. Je, mwewe alishangazwa na rangi, au alikuwa ameshiba tu? Na akiizoea zambarau? Nisingejua mpaka nijaribu. Nikamfunga kifaranga mmoja uzi mguuni, nikamwacha peke yake katikati ya ua, kisha nikajificha nyuma ya pipa la maji na manati mkononi.

Hapo wasiwasi wote ukaniisha. Mimi, ambaye siwezi kuamua nivukie barabara wapi, nilichuchumaa bila kutikisika. Nzi alinitua puani, nikamwacha. Sikumfikiria baba, wala kazi, wala chapati ya pili. Macho yangu yalimganda kifaranga yule, na nilichokitaka duniani kote ni mwewe ashuke.

Mwewe alikuwa juu, naye akimtazama yuleyule.

"Mwanangu," jirani aliita, bila kuacha kusuka, "sasa mko wangapi mnaomtaka huyo?"

Kabla sijajibu, uzi ulimkaza kifaranga, akalia. Kuku akatoka jikoni mbio. Juu hakutazama hata kidogo. Alinijia mimi. Alinirukia kifuani, akaniparura kidevu, akanikimbiza kulizunguka pipa hadi manati ikaanguka na jirani akashindwa kushika ukili kwa kicheko. Mwewe naye, labda kwa aibu, akaondoka.

"Heri yule wa juu," jirani alisema akijifuta machozi. "Yeye hafungi watoto kamba."

Nikamfungua kifaranga. Wote wanane walikuwepo. Nikawahesabu tena, maana ndivyo nilivyo.

Shangazi aliporudi, aliwakuta uani: wanane, wamenona, zambarau tupu. Rangi hakuiulizia, maana nyumba nyingi zilifanya hivyo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, na nikauona uso wa baba ukififia huko bara. Nikapiga hatua nimpokee kikapu.

Kuku akatoa ile sauti ya chini, ya kukwaruza. Vifaranga wote wakatoweka chini ya mbawa zake.

Shangazi alikinga jua kwa mkono, akatafuta angani. Hakukuwa na kitu, hata wingu. Akamtazama kuku, aone jicho lake linaelekea wapi. Kisha, polepole, akanigeukia.

"Bara huendi," alisema. "Lakini hebu keti hapo unieleze."