Nyumba Nane Nilizopaua Bila Waya

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa mchana wa jua kali, mvua za kwanza zikikaribia, nami nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya duka moja mjini Nachingwea, nakunywa soda. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Msimu ule korosho zilikuwa zimekubali, na wewe unajua kwamba huku kwetu korosho zikikubali, kinachofuata ni mabati. Watu wanashusha nyasi, wanapandisha bati, na kila mmoja anataka nyumba yake iishe kabla mvua hazijakaza. Fundi wa paa anatafutwa kama dawa. Mimi peke yangu nilikuwa nimepaua nyumba nane pembezoni mwa mji kwa wiki chache tu, na nilijiona fundi kwelikweli.

Kisha upepo ukaja. Vumbi jekundu lilisimama upande wa Ruangwa, refu kuliko miti, na kabla sijamaliza soda mabati ya duka lile yalikuwa yanapiga kelele juu ya kichwa changu. Haukukaa sana. Muda wa kuchemsha chai, basi. Ulipopita, nguzo za umeme zilikuwa zimelala kando ya barabara moja baada ya nyingine, mikorosho mizee imeng'oka na mizizi yake, na paa la Bi Zuhura, mjane aliyekuwa akiuza maandazi sokoni, lilikuwa limekaa katika shamba la mihogo la jirani yake. Zima, mwanangu. Limegeuka chali pamoja na mbao zake. Mwenyewe alikuwa sokoni, hivyo hakuna aliyeumia.

Paa lile nililijenga mimi.

Ngoja nikueleze kidogo kazi ya paa, maana bila hivyo hutalielewa kosa langu. Watu wengi wanadhani upepo unalisukuma paa. Hapana, unalinyanyua. Unaingia chini ya mabati, unakosa pa kutokea, unaanza kupandisha juu. Na msumari je? Msumari umepigwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo upepo ukivuta kwenda juu unautoa kwa njia ileile uliyoingilia. Ndiyo maana fundi anatoboa ukuta kozi nne, yaani mistari minne ya tofali, chini ya tofali la mwisho, anapitisha waya wa kufungia nondo, anauzungusha juu ya mbao na kuukaza kwa koleo. Hapo paa likitaka kuondoka, sharti liondoke na ukuta wake. Yote hayo nilifundishwa siku ya kwanza na mjomba wangu Lipande, kaka wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenipa kazi hii.

Lakini msimu ule mjomba alikuwa Ruangwa, anapaua madarasa. Nilibaki peke yangu. Waya unakula nusu siku kwa kila nyumba, na ukishapigwa lipu hakuna anayeuona. Nikauacha. Wala si kwenye nyumba moja. Zote nane.

Baada ya upepo watu wakasema ni mapenzi ya Mungu, upepo ule ulikuwa mkali. Nami nikasema hivyohivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wao. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Mashine za kusaga zilinyamaza, kina mama wakarudi kwenye vinu. Msumeno wa karakana ulinyamaza, na keekee yangu ya umeme ya kutobolea, niliyokuwa nikiringia, ikawa pambo tu. Kila aliyenijia na bati lililong'oka nilimwambia tusubiri umeme urudi. Maneno hayo yalikuwa na ukweli kidogo, na nilijificha nyuma ya ukweli huo mdogo siku tatu nzima. Nilipopita karibu na zile nyumba saba zilizobaki, sikuinua macho.

Siku ya nne mjomba akashuka kwenye lori kutoka Ruangwa, akichechemea kwa ule mguu wake wa tangu zamani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura, aliyekuwa ametandaza turubai juu ya chumba kimoja. Akapanda ngazi, akapitisha kidole taratibu juu ya ukuta, pande zote nne, kisha akashuka.

“Waya ulipita wapi?”

Nikamwambia upepo ulikuwa mkubwa mno, mjomba, hata nguzo za umeme zimelala.

“Sijauliza habari za nguzo.”

Akauliza ni nyumba ngapi nyingine. Nikasema saba. Akatikisa kichwa, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeivumilia vizuri zaidi. Akasema kwamba upepo umeshakagua nyumba moja, na mvua ndiyo kwanza zinaanza. Nikamweleza kuwa umeme ukirudi nitatoboa zote kwa siku mbili kwa ile keekee. Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori.

“Na upepo nao unasubiri umeme?”

Kisha akaniambia la kufanya. Nipite nyumba kwa nyumba, nimwambie kila mwenye nyumba kwa kinywa changu kwamba paa lake halikufungwa, ndipo nilifunge. Nilimsihi aniruhusu nizifunge kimyakimya. Ningesema naongeza nguvu tu, nani angejua?

“Ukisema unaongeza nguvu watakushukuru,” akajibu. “Utazipokeaje shukrani hizo, mpwa wangu?”

Nikakubali kusema. Lakini waya hatukuwa nao, kwa sababu madukani ulikuwa umeisha siku ya kwanza. Nikapata wazo, nikaona nimekuwa hodari tena: nyaya za umeme zimelala barabarani, kwa nini tusikate kipande? Mjomba aliuweka mkono wake begani mwangu kama mtu anayemzuia mwingine asiingie kisimani. Akasema waya ule hujui kama umekufa au umelala tu, na hata kama umekufa, si wako. Kesho yake alfajiri nikachukua baiskeli kwenda Ruangwa. Nilikata kwa njia ya mkato ya mashambani, ambako miti ilikuwa bado imelala njiani, na kila mahali nilibeba baiskeli begani na kuvuka. Nilirudi siku ya pili jioni na mizigo miwili ya waya nyuma, kichwa kimetulia.

Nilianza na Bi Zuhura. Alikuwa anakanda unga. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, yeye akaendelea kukanda mpaka nilipomaliza.

“Kumbe ulinivisha kofia tu,” akasema. “Haya, anza. Mihogo ya watu inaharibika.”

Tukanyoosha mabati yake juu ya mchanga kwa kipande cha mti. Matundu ya zamani yalihitaji mpira chini ya kila msumari, na mpira wa dukani haukuwapo, basi Bi Zuhura akapita mtaani kuomba kandambili zilizokatika. Tukazikata vipande vidogo vya mviringo, vyekundu, vya bluu, vya kijani. Paa likawa na madoa kama kanga. Alipita Mngoni mmoja, mtani wetu, mshona viatu pale sokoni, akasimama na kutuangalia kwa muda mrefu. Akasema, “Babu zangu walihangaika kuja huku na mikuki kuwatisha ninyi Wamwera. Kumbe wangepuliza tu.” Hata mjomba alikaa chini kwa kicheko. Mtani yule akavua shati, akatusaidia kubeba mbao mpaka jua likatua.

Kesho yake paa la Bi Zuhura likapanda, safari hii na waya wake. Kutoka hapo tukaenda nyumba kwa nyumba, tindo na nyundo, tundu baada ya tundu. Viganja vyangu vilipasuka. Kufunga waya ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na kila mwenye nyumba, akishamaliza kunitukana, alijikuta yeye ndiye yuko ndani anaupokea waya. Mmoja alinitukana kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho huku akivuta waya barabara, tena akaniambia tukaze vizuri pale kwenye kona. Ukimshirikisha mtu kurekebisha kitu chake, mwanangu, hasira yake inapata kazi ya kufanya.

Nyumba sita kati ya zile saba zikaisha. Ya saba ilikuwa ya Mwalimu Fabiani, mwalimu mstaafu wa sayansi, muumini wa parokia, mtu wa kunyoosha mambo. Nilipomweleza alisimama, akafungua mlango, akanionyesha njia. Akasema nilikula mezani kwake siku ninapaua, kumbe nilikuwa naweka kifo juu ya kitanda chake, na nisikanyage tena. Nilirudi siku iliyofuata, akakataa. Na kila alasiri wingu lilikuwa linajengeka upande uleule wa Ruangwa. Mle ndani walilala yeye, mkewe na wajukuu wawili.

Mjomba akaniambia nisiende tena na maneno, maana ameshayasikia.

Mara ya tatu nilimkuta mkewe anatwanga mahindi uani, kwa kuwa mashine zilikuwa bado kimya. Nikamwamkia, nikamwomba aniazime mchi kidogo. Nikampelekea Mwalimu barazani, nikampa kwa mikono miwili, nikamwomba kitu kimoja tu: aingie chumbani kwake, ausimamishe chini ya mbao inayokaa juu ya ukuta, asukume. Akaupokea mchi huku amekunja uso. Lakini mtu aliyefundisha sayansi hawezi kukataa jaribio. Akaingia, akausimamisha mchi, akasukuma kama anayesukuma mlango wa chumba kisicho na kufuli.

Mbao ikanyanyuka. Mstari wa jua ukaingia kati ya ukuta na paa, na vumbi likamwangukia kwenye miwani.

Akasukuma tena, taratibu. Jua likaingia tena. Kisha akamrudishia mkewe mchi, akapita mbele yangu, akaenda nyuma ya nyumba na kurudi na ngazi.

“Miaka yote nimewafundisha watoto nguvu ya hewa,” akasema, “halafu nalala chini ya hiki.”

Tulifanya kazi mpaka kesho yake mchana. Yeye ndani, mimi nje, mjomba juu ya ukuta na koleo. Kila waya ulipokaza Mwalimu alihesabu kwa sauti kama yuko darasani. Nilipokusanya vifaa niondoke, wingu lilikuwa limeshafika. Akanishika mkono. Akasema fundi hatoki, fundi anakaa humu ndani na sisi. Na mjomba naye akavuta kigoda, akakaa.

Upepo ukaja, mwanangu, mkali kama ule wa kwanza. Mabati yalinguruma mpaka hatukusikiana. Mama wa nyumba alishika rozari, mjomba midomo yake inasoma dua, na mimi nilitazama pale ukutani jua lilipoingilia. Mbao ilivutika. Waya ukakaza. Mbao ikabaki. Ikavutika tena, ikabaki. Nje tulisikia mti unaanguka. Kisha upepo ukakatika ghafla, mvua ikashuka, na ndani mlikuwa na tone moja tu, pale kwenye kona ya jikoni.

Tulitoka mbio katika mvua ileile, mimi, Mwalimu na mjomba wangu na mguu wake mbovu, tukipita nyumba kwa nyumba. Mwalimu akahesabu: moja, mbili, tatu. Watu walikuwa milangoni, wanaitana mtaa mzima, wengine wanacheka ovyo kama watu wa harusi. Nane. Zote zimekaa. Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anayatazama madoa yake ya kandambili. Alimgeukia mjomba.

“Mzee, huyu sasa unaweza kumwacha afanye kazi peke yake.”

Mjomba akasema bado kidogo. Lakini alikuwa anatabasamu.

Umeme ulichelewa kurudi majuma mengine mawili. Mafundi wengi walikaa wakiusubiri. Sisi tulinoa misumeno ya mkono kwa tupa, tukaenda Mtua, tukaenda Lionja, na hatukuwa na siku ya kupumzika. Nilijifunza randa ya mkono zaidi katika majuma yale kuliko miaka yote iliyotangulia.

Siku hizi nguzo zimefika hata vijijini, hadi Chunyu, na hilo ni jambo jema. Lakini upepo ukipita na simu zikazima, nawaona vijana wanakaa wakitazama taa isiyowaka. Mwanangu, usikae hivyo. Anza na kile ambacho mkono wako unakifikia. Jifunze kazi yako kwa mashine, lakini uijue na kwa mkono. Waya ulioanguka njiani usiuguse wala usimwache mwenzako auguse, simama mbali, waite wenye kazi yao. Kabla mvua hazijaanza, ingia chumbani mwako na usukume paa lako kwa mti, ujue linashikwa na nini. Na kama umewahi kufanya kazi mbovu ambayo mtu analala chini yake, nenda kamwambie leo. Utaaibika kidogo. Mimi niliaibika mara nane kwa wiki moja, na nakuhakikishia sikufa. Nilipata jina la fundi mkweli, na watoto wangu wanalitumia mpaka sasa.

Mungu akupe mikono yenye subira na kinywa kisichoogopa kusema ukweli. Watu watakaolala chini ya kazi yako waamke salama, mvua iwakute wakicheka, na kila mlango utakaorudi kubisha hodi upokewe kwa heshima. Amina.