Picha Zilizorudi na Tableti Mpya

"Samahani, mama," fundi mmoja wa magari aliniambia kwa sauti ya chini. "Hivi ni wewe?"

Tulikuwa tumeinamia kaunta moja, duka la simu la Kariakoo. Juu ya kaunta ilikuwa tableti yangu mpya, na ndani yake nilikuwa mimi, kifua wazi, kulia ziwa, kushoto mshono unaotoa maji. Uso unaonekana wote. Niliilaza tableti kifudifudi, lakini haikusaidia kitu, maana fundi hakuziona pale tu. Alisema picha hizo anazo nyumbani. Miezi michache nyuma zilikuwa zikiingia zenyewe kwenye tableti yake, moja kila wiki.

"Tulijua ni matangazo ya hospitali," akasema. "Mke wangu akawa anakuombea."

Nieleze tulifikaje hapo. Mimi nauza viatu vya mtumba Mchikichini, shule niliishia darasa la nne. Tableti ya kwanza niliinunua duka hilo hilo kwa sababu macho yamepungua, na picha za viatu kwenye simu ndogo sizioni vizuri. Muuzaji, mtu mzima mwenzangu, ana miwani na maneno laini, aliniuliza kama nina akaunti ya barua pepe. Nikamwambia sina, na wala sijui huyo ni mdudu gani. Akasema, "Usijali dada, nakuwekea ya dukani." Nikajiona nimepata mtu mwema. Wiki ile ile nikampelekea jozi ya makubazi kama asante. Yale makubazi yananiuma mpaka leo.

Haukupita muda nikakutwa na saratani. Walipolikata ziwa, mshono ukakataa kufunga. Muuguzi akaniambia nisihangaike na foleni kila wiki, nijipige picha nimtumie, akiona pabaya ataniita. Nani wa kunipiga? Nilisimama mbele ya kioo cha kabati, tableti nimeishika usawa wa tumbo, ndiyo maana uso ukatokea. Hata mume wangu sijamwonyesha kifua hicho. Nabadili nguo nimefunga mlango, na kwenye sidiria nakunja soksi nene ya mtumba, upande ule usibonyee.

Nikapona. Tableti nayo ikaanza kuzima yenyewe, waranti yake haijaisha. Nilipoirudisha walinipa nyingine, ile mbovu ikapelekwa kwa wakala. Kimoyomoyo nikashukuru. Nilidhani zile picha zimekufa na kifaa chao, maana mimi kuzifuta sikujua.

Muuzaji akaanza kunirudishia vitu vyangu kwenye hiyo mpya. Namba ya siri ya akaunti aliiandika bila kuniuliza, kwa kukariri, kama mtu anayeandika jina lake. Programu zikaanza kushuka: ya kuchati, ya redio, halafu ya kubeti, ya nyimbo za kanisani, michezo ya watoto. Nikamwambia hizi nyingine si zangu. Akasema zitajipanga tu. Akapunguza mwanga, akaweka lugha, akanikuzia herufi, akauliza, "Hapo unaona, dada?" Nikasema naona. Ndipo akafungua picha. Harusi ya watu nisiowajua, gia boksi imefunguliwa, mtoto kwenye beseni, viatu vyangu, halafu mimi.

Fundi alikuwa ubavuni kwangu, ametoka gereji, mtaa wa Gerezani, kuja kubadilisha chaji. Gia boksi ilikuwa picha yake.

Hapo ndipo nikaelewa. "Ya dukani" ilikuwa akaunti moja tu, na kila mteja aliyesema hana aliwekewa hiyo hiyo. Anachopiga mmoja kinawafikia wote. Mimi pa kuzitazamia sikuwahi kupajua, nilikuwa napiga na kutuma tu.

Nilitaka kumchukia fundi nikashindwa. Aliinamisha macho, akaondoka bila hata hiyo chaji. Lakini mkewe, mwanamke nisiyemjua, ameona nilichomficha mume wangu, akanihurumia, akaendelea kukuna nazi. Afadhali angenicheka.

Kesho yake nikarudi. Muuzaji akafuta mbele yangu, akasema zimefutika kote. Nikamuuliza, na aliyezihifadhi kwake? Na aliyemrushia shoga yake? Akavua miwani akaisafisha kwa shati. Mwenye duka akatokea nyuma, akasema ni makosa ya mitambo. "Mbona umepona salama, mama? Mshukuru Mungu." Wateja wawili wakatabasamu. Nikatoka, nikakatiza Mnazi Mmoja jua la saa saba, nimejitanda khanga mbili kifuani kama mgonjwa wa baridi.

Siku hizi mteja akinitazama kupita kiasi siinami tena kumjaribisha kiatu. Namsukumia kwa mguu.

Na mimi kosa langu ninalo. Niliona haya kusema sijaelewa, nikakubali kuwekewa nisichokijua. Hilo nalibeba. Ila namba ya siri haikuandikwa na mitambo. Iliandikwa na yule muuzaji, kwa uvivu wa dakika tano, na mwenye duka alijua akanyamaza kwa sababu foleni ilikuwa inaenda haraka.

Sasa nasema na ninyi wa duka: daftari la waranti mnalo. Kila aliyenunua mliandika jina lake na namba yake ya simu, hata langu nililiona. Lifungueni. Mpigieni mmoja mmoja, mwambieni yule mwanamke wa pichani si tangazo, ni mtu, azifute. Halafu mniambie mmewapigia wangapi. Na jibu hilo asitumwe muuzaji. Nalitaka kwa mdomo wa mwenye duka, hapo hapo kwenye kaunta yake, wateja wakisikia.