Kamba, Ng'ombe au Msamaha

Milly alikuwa na kibanda cha kuchaji simu mtaa wa Malakia, mjini Juba. Jenereta yake ilinguruma tangu asubuhi, na ukitaka kuongea naye ilibidi upige kelele, jambo ambalo halikumsumbua, maana yeye alipiga kelele hata jenereta ikizimwa. Nilipomfahamu, Sudan Kusini ilikuwa na uhuru wa juzi tu na kila mtu Juba alikuwa akingoja kitu: umeme, mshahara, barabara. Milly alikuwa akingoja mahakama imwambie ulipo mwili wa mume wake.

Mume huyo, Okumu, alikuwa dereva wa bodaboda. Walikuja pamoja kutoka Busia, upande wa Uganda. Jumapili moja alipakia abiria Nyakuron, hakurudi. Madereva wengine walikuwa wameshapotea hivyo hivyo, wote Waganda.

Wauaji walikuwa wawili. Semei, mtu wa Busia naye, ndiye aliyekuwa chambo. Alisimama kituoni akisikiliza madereva wakitaniana, akishajua nani katoka wapi alimsalimia kwa lugha ya kwao, akauliza habari za mvua na mihogo. Waganda wale walikuwa wameibiwa na watu wa kila lugha, lakini aliyewasalimia kinyumbani hawakumwogopa. Wala hawakupatana naye nauli, walimpeleka anakotaka. Alikotaka ni kule nyumba zinakoishia, na huko Lado alikuwa akingoja na nyundo. Lado ni mtu wa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda, na huko ndiko walikojuana. Walikamatwa kwa ujinga wao: walipigana sokoni wakigombania pikipiki ya marehemu mmoja.

Ungedhani kesi ya namna hiyo itakwenda haraka. Mara gari la gereza halikuwa na mafuta. Mara mkalimani kaenda kwenye harusi. Mara jaji yuko Nairobi. Milly alifunga kibanda, akavaa gomesi, lile gauni la heshima la kwao, akapanda gari kwenda mahakamani, akarudi, akavua gomesi. Niliwahi kumsindikiza, na ile siku nilibahatika: kesi ilisikilizwa.

Sheria ya pale inawauliza ndugu wa marehemu wanataka nini: muuaji anyongwe, alipe fidia ya ng'ombe, au asamehewe. Familia nyingine zilikuwa zimeshajibu. Kwa Okumu, aliyetakiwa kujibu alikuwa mdogo wake, Norman, fundi wa jenereta kule Hai Mauna, kwa sababu mke si damu.

"Kamba, ng'ombe au msamaha?" mkalimani akamuuliza Norman.

"Ng'ombe nitawavusha vipi mpaka Busia?" Norman akanong'ona.

Milly akasimama kwenye benchi la nyuma. "Sisi hapana taka ng'ombe! Sisi nataka mtu yetu! Waseme iko wapi!"

Jaji akasikiliza tafsiri, akavua miwani. "Hilo halimo katika yale matatu."

"Basi ongeza la nne!"

Watu wakacheka. Jaji, pengine kwa kuchoka tu, akawageukia washtakiwa na kuwauliza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

"Yule wa jaketi jekundu ulimfukia wewe," Lado alimwambia Semei.

"Mimi? Mimi nilishika pikipiki tu."

"Kwa kila mtu wewe ulishika pikipiki tu! Wewe una mikono mingapi?"

"Na yule hakuwa na jaketi. Wa jaketi ni yule mrefu."

"Nyinyi!" Milly alipaza sauti. "Munabishana kama watu wamepoteza ufunguo!"

Alitolewa nje. Kesi ikaahirishwa, na Norman hakuwa amejibu.

Kwao, mtu asiyeonekana huzikwa mgomba badala yake, matanga yakaisha na mjane akaachiwa aendelee na maisha yake. Norman alimsihi sana. "Shemeji, tuzike mgomba. Mama anazeeka."

"Mimi niliolewa na mgomba?" Milly alimjibu, akawasha jenereta.

Kesi ilipangiwa Jumatatu moja ya Desemba. Usiku wa kuamkia siku hiyo bunduki zililia Juba, na kulipokucha hapakuwa na aliyejali kesi ya mtu. Baada ya siku kadhaa za kulala chini ya vitanda, wafanyabiashara wa Uganda walikodi basi la kuwarudisha watu nyumbani. Milly na Norman walipata viti. Sheria ya kondakta ilikuwa rahisi: ni Waganda tu, na asiye na karatasi aletwe na mtu anayemjua.

Milly alikuwa ameshakaa aliposikia mtu akimwita kupitia dirishani, kwa lugha ya kwao, kwa upole. "Dada. Dada yangu. Mwambie unanijua."

Alikuwa Semei. Gereza lilikuwa limeachwa wazi, au labda walinzi walikimbia. Hata leo hakuna aliyeeleza.

Milly alimtazama. "Okumu yuko wapi?"

"Mwambie kwanza."

"Basi linaondoka, Semei. Si mimi ninayebaki."

Akasema. Matanuri ya matofali, njia ya Luri, chini ya rundo la matofali yaliyovunjika. Milly akarudia kila neno, kisha akashuka akamshika kondakta shati.

"Mimi najua huyu! Mutu ya Busia! Aliua bwana yangu! Aliua madereva!"

Kondakta, kijasho kikimtoka, alisikia alichokihitaji. "Busia gani, ya kwetu?"

"Ya Uganda! Nakwambia ameua—"

"Mama, leo kila mtu ameua. Mganda ni Mganda. Wewe, panda!"

Na Semei akapanda. Akakaa kiti cha Milly, maana Milly alikuwa amesimama chini akivuta begi lake kupitia dirishani.

"Shemeji!" Norman alifoka. "Linaondoka!"

"Liende. Wewe una koleo?"

Norman alitukana katika lugha zote alizozijua, kisha akashuka.

Walisubiri milio ipungue, wakaenda. Walichimba chini ya matofali mpaka wakaukuta mguu wenye chuma alichowekewa Okumu alipogongwa na lori zamani. Wakamfunga katika pazia la kibanda, wakabembeleza lori lililorudi Uganda na kreti tupu za bia.

Mpakani Nimule, askari aligusa fungu lile kwa fimbo.

"Hii nini?"

Milly, aliyeketi nyuma ya kreti, alilivuta fungu karibu naye.

"Ni marehemu," Norman alisema.

"Nani ndugu yake hapa? Nani nitaongea naye?"

Norman alisogea pembeni ili askari amwone Milly vizuri. "Huyu," alisema. "Ongea na huyu. Mimi nimebeba koleo tu."