Mwisho wa malkia Elira tulioupika wenyewe kibanda umiza, Tunduma

Wakuu, salamu kwenu mlio makazini na mlio vijiweni. Hii niliiishi mwenyewe, nimebadilisha majina tu.

Nilitoka Lindi na lori la korosho, sina pa kwenda hasa. Songea nikakaa kidogo. Makambako upepo ukanichosha. Mbeya baridi ikanishinda, nikadandia lori jingine likanishusha Tunduma.

Pale nikakaa kuliko popote.

Kazi niliyopata ni kutafsiri series kwenye kibanda umiza. Sauti ya TV inapunguzwa, unashika mic, unaeleza wanachosema. Kiingereza changu ni cha form four, kilitosha. Wateja ni madereva wanaosubiri kuvuka boda na wamama wa sokoni.

Series iliyotuteka ilikuwa ya malkia Elira, mwenye mnyama wa mabawa, anayewavusha watu wake milimani kutafuta nchi. Mama Sikaponda, mama ntilie wa jirani, hakukosa episode. Mjukuu wake alipozaliwa, akasema ataitwa Elira.

Mumewe, mkulima wa kahawa kule kijijini Ruanda, alitaka jina la marehemu mama yake. Siku ya episode ya mwisho mzee akashuka Tunduma, akakaa benchi la mbele.

"Mtoto anabatizwa Jumapili," akaniambia. "Huyo mwanamke wenu nitamwona mwenyewe mwisho wake. Akiwa wa hovyo, jina ni la mama yangu."

Shida ni kwamba mwisho nilishauona asubuhi.

Season zote Elira anabeba watoto wa watu mgongoni. Halafu dakika za mwisho adui anatokea, yeye anawaambia watu wake, "Nimewachoka, kila mtu ajitegemee." Anapanda mnyama, anaruka. Lango linafungwa, watu wanalia. Basi. Sijui walioandika walikuwa wanawahi wapi.

Ilipofika pale, mama Sikaponda alikuwa ameng'ata pindo la kanga. Nikashika mic.

"Fungeni lango, wanangu. Nikiruka, adui atanifuata mimi, nyie mtapona."

Wakuu, picha zilikubali kila kitu. Akaruka, lango likafungwa, watu wakalia, na kibanda kizima kikalia nao.

Mzee hakulia. Akageuka nyuma kwa ba Mulenga, dereva wa Zambia, ambaye Kiingereza anakisikia hata kikinong'onwa.

"Wewe bwana, mukwai, ndivyo alivyosema?"

Ba Mulenga akanitazama mimi, kisha mama Sikaponda.

"Ndivyo, ba tata, baba yangu. Tena huyu amefupisha."

Mzee akavaa kofia. "Basi mpeni. Jina la pili la mama yangu."

"Ungesema hivyo tangu juzi, baba," mkewe akajibu, "maharage yangu yasingeungua tukibishana."

Jumapili mtoto akabatizwa majina yote mawili.

Nilipoondoka Tunduma moja kwa moja, Elira alikuwa ameanza kutembea. Mama Sikaponda akanifungia viazi vya njiani, akaniambia ile series ameiona tena kwenye simu ya mwanae, imetafsiriwa na mtu mwingine.

Nikainama kufunga begi.

"Yule naye," akasema, "Kiingereza hajui kabisa."

Nilichojifunza: ukishawapenda watu wa kwenye series miaka yote hiyo, na wewe una haki kidogo na mwisho wao.

Yenu ipi iliharibika mwishoni, na mngeimaliza vipi? Shusheni hapa, nasoma zote.