Wanunuzi wa Pikipiki ya Mume Wangu

"Bado iko?" Maneno hayo mawili niliyachukia msimu ule kuliko matusi. Mtu hajakusalimu, hajasema yeye ni nani wala yuko wapi, anakurushia swali lake na kukuacha nalo. Nami kwa kuwa nilikuwa na shida yangu, nilikuwa naacha cherehani katikati ya mshono na kujibu papo hapo: Iko, karibu. Kisha naikodolea macho simu. Zile alama mbili zinageuka buluu, maana yake amesoma. Halafu basi, kimya.

Nilikuwa nauza pikipiki ya mume wangu. Mwenyewe alikuwa ndani, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia juu ya goti hadi karibu na vidole, na hospitali ya Malindi walikuwa wametupa tarehe ya kwenda kuikata plasta hiyo. Nilitaka pikipiki iwe imeondoka uani kabla ya tarehe hiyo. Nilijua kabisa kwamba siku mguu ule utakapokanyaga chini, kama pikipiki bado ipo, ataipanda.

Alianguka njia ya Minjila, jioni, ng'ombe walipokatiza barabara wakitoka kunywa maji. Aliwakwepa wa mbele, akamkuta ndama nyuma yao. Abiria wake alitoka na michubuko ya viganja, yeye akavunjika mguu. Kila aliyekuja kutupa pole alisema nishukuru Mungu, ni mguu tu. Nilishukuru. Lakini mwaka uliotangulia, mwenzake wa steji yao ya bodaboda alibeba abiria wa kwenda Witu asubuhi na hakurudi, na mjane wake ni mteja wangu. Nguo zake za eda nilizishona mimi. Nilimpima mabega naye akitazama ukuta, hasemi lolote, na tangu siku aliyoanguka mume wangu nikawa kila nikiishika tepu ya kupimia, namwona yule mama.

Nilipomwambia mume wangu kwamba naiuza, alikuwa amelala chali akitazama mabati. Akasema, "Uza ukitaka." Mwanamke aliyekaa kwenye ndoa anajua kwamba "uza ukitaka" si ndiyo. Lakini pia si hapana, nami nikaidaka ilivyo kabla hajaibadilisha.

Niliiosha matope, nikaisimamisha kando ya ua wa miba ya mathenge, nikaipiga picha pande zote. Upande uliobonyea niliupiga pia, nisije nikaitwa mwizi. Zile tepu za kijani alizozizungusha kwenye mishikio ya usukani, ambazo Garsen nzima inazijua, nilitaka kuzibandua nikashindwa. Nikaiweka kwenye kikundi cha simu ambako watu wa Tana wanauziana vitanda, sola, mbuzi na kila kitu. Kabla sijaiweka simu chini, ikalia: Bado iko?

Nilijifunza mengi kuhusu binadamu. Kuna anayetaka picha. Unampa ya injini, anataka ya tairi. Unampa ya tairi, anataka ya injini ikiwa inanguruma, kana kwamba mngurumo unaonekana. Ukishampa zote anapotea, labda anazitazama tu jioni akinywa chai. Kuna anayeuliza bei ya mwisho kabla ya kuuliza bei ya kwanza. Kuna aliyenitumia maombi ya mguu wa mume wangu, marefu, mazuri, nikaitika amina, nikamuuliza kama anakuja kuiona, akanyamaza mpaka leo.

Hao wa mbali, wa Hola na Malindi, nilielewa walivyopotea. Umbali, bei, mtu kabadili nia. Walionikosesha usingizi ni wa hapa hapa Garsen. Walianza kwa moto, wakanipigia hata simu. "Mama, hiyo naijua, naitaka. Nakuja baada ya alasiri." Nafagia uani, nachemsha chai, navaa buibui, nakaa kibarazani. Alasiri inapita, magharibi inaingia, chai inapoa. Napiga simu, inalia mpaka inakata yenyewe. Kesho yake mwingine, maneno yale yale, na kimya kile kile. Mmoja nilikutana naye sokoni uso kwa uso. Aliponiona akaweka simu sikioni na kuanza kuongea na mtu ambaye, nina hakika, hakuwepo.

Nikaanza kuwaza mabaya. Pengine wanasema pikipiki ina mkosi. Pengine kuna fundi amewaambia fremu imepinda. Nilishusha bei, aliyejibu akanitumia vikatuni vya kucheka. Nilikuwa naandika ujumbe wa kumkumbusha mtu, "Ndugu yangu, salaam, bado unaitaka?" kisha naufuta nikiona najidhalilisha, kisha naandika tena ule ule. Umeme ukikatika nilikuwa nakimbia kwa jirani mwenye sola kuchaji simu, nikiamini kwamba mnunuzi wa kweli atapiga wakati ule ule imezima. Nilishona dera moja mikono yote miwili upande mmoja. Mwenye dera alicheka sana, mimi nilitaka kulia.

Na ndani mgonjwa alikuwa anapona. Hilo lilipaswa kuwa la furaha, na lilikuwa la furaha, Mungu anisamehe, lakini kila hatua ya kupona kwake ilinitia hofu. Alianza kuchezesha vidole vya mguu. Akaanza kutoka uani na magongo. Asubuhi moja nikamkuta amejiegemeza kwenye pikipiki, ameipiga kiki kwa mkono, inanguruma.

"Unafanya nini?"

"Betri isife," akasema. "Hata mnunuzi ataitaka ikiwa nzima."

Nikarudi kwenye cherehani, nikashona mshono ule ule mara mbili.

Siku chache kabla ya tarehe ya Malindi akaja mtu ambaye hakuuliza kama bado iko. Alipiga simu akasema yuko nje. Nikatoka, nikamkuta mfugaji wa huku bara, kijana mzima, shuka begani na viatu vimejaa vumbi jeupe la mbugani. Tukasalimiana salamu zote, za nyumbani, za mifugo, za mvua. Akaizunguka pikipiki mara moja, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba. Bei hakubishana. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimepumua.

"Sasa mimi nataka ona mwenyewe," akasema.

"Mwenyewe mgonjwa. Mimi ndiye ninayeuza, na yeye anajua."

"Hapana, mama. Kwetu ng'ombe iko na mwenyewe. Mwenyewe natoa kwa mkono yake. Kama yeye iko hai, mimi napokea kwa yeye." Akanitazama kama anayenionea huruma. "Hii watu ya steji yote nataka hii pikipiki. Mimi nauliza wao, kwa nini nyinyi hapana nunua? Wao nasema, sisi napigia mzee, mzee nasema ngoja. Lakini mimi hapana weza ngoja. Maji yangu iko mbali na ng'ombe."

Nilimwomba arudie. Akarudia, pole pole, akidhani Kiswahili chake ndicho kinachonisumbua.

Niliingia ndani kama upepo. Sikungoja mgeni akaribishwe wala nini. Nikamuuliza mume wangu kama ni kweli. Akasema ni kweli. Wale wote walioahidi alasiri, walikuwa wamempigia simu yeye kwanza, au baada yangu, kwa adabu, kumuuliza mwenzao kama ameridhia. Na mmoja mmoja aliwaambia wangoje, na wasiniambie. Nao wakanyamaza. Mimi nikifagia uani na kuchemsha chai, yeye yuko ndani anajua hakuna anayekuja, na chai ile alikuwa anakunywa.

Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni, na sikujali.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Sikuwakatalia. Niliwaambia wangoje nisimame. Sikutaka vitu vyangu vitoke uani nikiwa nimelala, kama vya marehemu."

"Na mimi ungeniambia."

"Ningekuambia ungesema nangoja nisimame ili nipande."

"Na si ndivyo?"

Yule mfugaji akainamisha macho, akawa anatazama vumbi la viatu vyake. "Sijui," mume wangu akasema. "Wallahi sijui. Siku nyingine ndivyo, siku nyingine sivyo."

Hasira iliniishia pale pale, kwa sababu ndilo jibu la kwanza la kweli alilonipa tangu aanguke. Ikabaki hofu peke yake. Nilisimama pale nikiwaza kwamba sasa atasema hapana, na mgeni ataondoka, na tutakwenda Malindi, na tutarudi, na siku moja nitasikia simu ikilia nikiwa nakata kitambaa.

Akaomba magongo yake. Akavaa kanzu, akajitia maji usoni. Akamwambia mfugaji, "Nitakupa. Lakini si hapa. Twende steji nikupe mbele ya wenzangu."

"Huendi popote," nikasema. "Mguu huo utapandaje?"

"Yeye ataendesha. Nitakaa nyuma."

Nilitaka kumkatalia. Kumtazama akikaa juu ya chuma kile kile, na plasta yake, ndiyo ndoto iliyokuwa ikiniamsha. Lakini nilimwona alivyosimama, amejinyoosha kwa magongo mawili kama mtu anayengoja kuitwa jina lake, nikajua kwamba nikimkatalia hili sitapata lile lingine. Nikachukua mtandio wangu.

Alikaa ubavu, kama tunavyokaa sisi wanawake, magongo mapajani, kwa kuwa mguu haukukunjika. Yeye aliyekuwa akiwacheka wanaume wanaokaa hivyo. Mfugaji akaenda taratibu kabisa, gia ya kwanza, na mimi nikatembea kando nimeushika ule mguu wa plasta kwa mikono miwili, usije ukagonga kitu. Garsen yote ilitoka kutazama. Wenye maduka walitoka, waliokuwa wananyolewa walitoka na sabuni shavuni. Jua lilikuwa kali, jasho lilinitiririka, na kila injini ilipokohoa nilikuwa naushika mguu kwa nguvu zaidi mpaka akaniambia, "Mama, unaniumiza."

Tukafika steji. Wote walikuwepo, wale wa alasiri, na yule wa simu ya uongo. Hakuna aliyenitazama. Vijana ambao kwa kawaida hawaishi kelele na Sheng yao walizima hata miziki. Mume wangu akateremka, akaniwekea mkono mmoja begani na gongo moja kwapani, akasimama. Akachomoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mfugaji, akakifunga kiganja kwa mkono wake. "Nimekupa kwa moyo mmoja," akasema. "Breki ya nyuma inataka kukanyagwa mapema. Na ukiwaona ng'ombe mbele, usiwatazame wa mbele, watazame wa nyuma."

Mfugaji akaitikia kwa heshima, akamkabidhi pesa, akasema dua fupi, akaondoka. Tulisimama mpaka sauti ikaisha upande wa Minjila. Nilikuwa nimeusubiri mlio ule uondoke maishani mwangu, na ulipoondoka sikuweza kutofautisha furaha na uchovu.

Ndipo tukatambua kwamba hatuna cha kuturudisha nyumbani. Mimi nilikuja kwa miguu, na yeye hana mguu wa kurudia. Tulikaa hivyo kidogo, yeye ameniegemea, wenzake wanatazamana. Miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kusimama upande ule wa abiria. Walipakiana bure, walibebeana wake na mizigo bure, hakuna aliyemhesabia mwenzake.

Akamgeukia aliyekuwa karibu, yule kijana aliyenikimbia sokoni. Akarekebisha gongo lake vizuri, akamuuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu yeyote aliyeshuka kwenye basi na mzigo wake, "Kunipeleka nyumbani ni pesa ngapi?"

Kijana akaangalia chini. Na mimi niliyetaka aachane na pikipiki kuliko wote sikuweza kumtazama mume wangu usoni.